Mbeba Makubazi Asiyejua Kuigiza

Kuna wanawake hapa Mpatamase walioolewa na walimu, wengine na madereva wa malori ya mbao, na mmoja, Mungu amzidishie, kaolewa na mwenye duka la dawa. Mimi Afua Konama nimeolewa na miguu ya mtu mwingine. Mume wangu Yaw Gyabaah kazi yake ni kubeba makubazi ya chifu. Chifu akiamka, Gyabaah yuko chini anamvisha. Chifu akiketi, Gyabaah amechutama pembeni, jozi ya akiba kaikumbatia kifuani kama mtoto wa kupewa ashike. Chifu akitaka kuvua, Gyabaah kwanza atandike mkeka, maana nyayo za chifu hazigusi ardhi. Zikigusa mbele ya wazee, huyo si chifu tena, ni baba fulani tu mwenye miguu michafu. Na kwa kuwa kwetu hakuna anayesimama mbele ya chifu na viatu, mbeba makubazi mwenyewe ametembea pekupeku maisha yake yote ya kazi. Nyayo zake zimepasuka mpaka akijigeuza kitandani shuka linachanika.

Kazi aliirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Miaka ishirini alimvisha chifu wa zamani, mzee mmoja mtaratibu aliyekuwa akiuliza habari za watoto wetu kwa majina. Mzee yule alipokwenda kijijini (sisi hatusemi chifu amekufa) Gyabaah alilia wiki nzima, mimi nikawa kama mjane mwenye mume. Halafu wakatuletea huyu wa pili.

Huyu wa pili jina lake la kigoda, yaani la kiti cha enzi, ni Nana Ampem Daako wa Tatu. Jina alilopewa na mama yake ni Kofi Nyarko, na kabla hatujamwita Nana alikuwa Kumasi akiuza vipuri vya magari yaliyotumika. Sisemi ni kazi mbaya. Nasema tu mtu aliyezoea kufungua gari la watu na kuliuza kipande kipande, ukimkabidhi mji, atajua pa kuanzia. Alianza na msitu. Akaja kwenye uwanja wa shule. Mwaka wa kumi na moja akafika kwenye kijito cha Asubima, ambacho mji mzima tunakunywa, na kando ya Asubima ndipo lilipo shamba langu la kakao.

Shamba lile aliniachia mama, naye aliachiwa na mama yake. Kwetu mali hufuata tumbo la mama. Gyabaah hana chake pale isipokuwa jasho. Basi chifu akawapa watu wa kuchimba dhahabu kijito na shamba. Wakaja na katapila la manjano, wakaliegesha chini ya mparachichi wangu, wakaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, tunaanza mvua zikikatika, vuna unachoweza." Ahsante! Nimeona vijito vya wenzetu vilivyochimbwa. Maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na shamba linabaki mashimo ambayo hata mbuzi akitumbukia humtoi.

"Mwambie," nilimwambia Gyabaah. "Katika mji huu nani yuko karibu naye kuliko wewe?"

"Mimi niko karibu na miguu, Mama Abena. Masikio yako juu."

"Basi mfinye kidole!"

Akacheka kidogo, akaenda kupaka makubazi mafuta. Huyo ndiye mume wangu. Ukimtukana anakuuliza umekula?

Usidhani wazee walikuwa wamelala. Walikaa mara tatu kumwondoa. Lakini chifu haondolewi kwa barua wala kwa simu. Lazima awe ameketi mbele ya wazee na Mama Malkia, bibi mkuu wa ukoo wa kigoda, amevaa mavazi ya kigoda, atajiwe makosa yake, avuliwe makubazi, nyayo ziguse chini. Kwa kifupi, lazima awepo. Na Kofi Nyarko alikuwa na kipaji cha kutokuwepo. Mara ya kwanza ilimpanda presha akakimbizwa Kumasi. Mara ya pili alikwenda Obuasi kumzika mtu ambaye wiki iliyofuata tulimwona sokoni akinunua nyanya. Mara ya tatu hata hakujisumbua kudanganya, aliwasha gari akaondoka, mkono dirishani, anatupungia.

Ndipo ikaja filamu.

Aliileta kijana mmoja wa Accra anaitwa Selorm, dairekta, mtu wa upande wa Volta, kajifunga skafu shingoni katika joto hili la kuivisha mayai. Alitaka kutengeneza filamu ya Nana Ampem Daako wa Kwanza, mfalme wetu ambaye Waingereza walimkamata, wakampeleka pwani, wakampakia merikebuni, asirudi tena. Filamu ya uvamizi, akasema, ya mfalme aliyesalitiwa na watu wake. Chifu wetu aliposikia alifuta machozi kwa kitambaa cha hariri. "Waliiuza nchi yetu," akasema, "waliiuza!" Huku katapila lake liko chini ya mparachichi wangu linangoja mvua ikatike. Watu wana macho makavu, jamani.

Akajitolea kumsaidia dairekta upande wa historia. Sasa hapa Mpatamase hata mtoto anayejifunza kutembea anajua nani aliyemuuza mfalme wa kwanza. Ni mpwa wake, aliyetia dole gumba kwenye karatasi ya wazungu kwa sababu alikitaka kigoda, na akakipata. Na nyumba ya mpwa huyo ndiyo iliyotuzalia, mwenye macho haambiwi tazama, Kofi Nyarko. Lakini filamu inahitaji msaliti, na chifu hakuwa tayari kuwatoa ndugu zake. Akafikiri, akapata. Akamwambia dairekta kwamba msaliti alikuwa mbeba makubazi, aliyempeleka mfalme wake kwa wazungu na kumvua viatu mbele yao, kwa malipo ya chupa moja ya pombe ya shnapsi.

Mbeba makubazi wa mfalme wa kwanza ni babu mzaa babu yake Gyabaah. Huyo mtu aliruka kwenye merikebu kumfuata mfalme wake, na makubazi kichwani, na huko huko akafia. Ndiyo hadithi pekee ya maana waliyo nayo watu wa ukoo wa mume wangu, hawana nyingine, wanaisimulia kila mazishi mpaka tunasinzia.

Maneno yale yalisomwa ikuluni Gyabaah akiwa amechutama pale pale, jozi kifuani. Jioni nikampikia fufu na supu ya mawese, akala nusu, akabaki anatazama bakuli.

"Chupa moja?" akasema.

"Chupa gani?"

"Wamesema babu alimuuza kwa chupa moja."

Nikamwambia anawe mikono.

Basi Selorm akaleta nyota wa filamu kutoka Accra aje kuwa mfalme. Kijana mzuri, mabega hivi, miwani ya jua mpaka chumbani. Chifu alimtazama toka utosini mpaka kidole cha mguu. "Huyu ndiye akae chini ya mwavuli wangu? Avae dhahabu ya kigoda changu? Babu yangu nitamwigiza mimi mwenyewe." Wapambe wakapiga makofi: "Mcheza kwao hutunzwa, Nana!" Nyota akapakiwa kwenye basi siku hiyo hiyo na miwani yake.

Tangu hapo kila kitu kikawa halisi. Mavazi halisi ya kigoda. Mwavuli halisi. Wazee halisi, kila mmoja na fimbo yake. Mama Malkia halisi, Nana Akyaa Birago, bibi wa miaka themanini mwenye ulimi wa pilipili, akaombwa aketi mahali pake halisi. "Halisi! Halisi!" dairekta anarukaruka kama kuku aliyeona mchwa. Kitu pekee kisichokuwa halisi kilikuwa Mwingereza. Walimtumia kijana wa Kiholanzi aliyekuja mwaka ule kutufundisha kunawa mikono, wakampa bunduki ya mbao, uso umeiva kama pilipili.

Na msaliti? Walikuwa wamemleta mwigizaji aliyesomea. Chifu akakataa. "Mgeni aniguse miguu? Gyabaah yupo. Atafanya Gyabaah." Ndivyo mume wangu alivyopewa kazi ya kuwa babu yake mwenyewe na kumsaliti mfalme kwa chupa ambayo babu hakuinywa.

Chifu si mjinga, usije ukamdhania. Duka la vipuri haliendeshwi na mjinga. Alimwambia Selorm mbele ya wote, "Miguu yangu haigusi chini, hata kwa filamu." Wakapatana. Gyabaah atatandika mkeka kama kawaida yake, kamera itamshika chifu kuanzia kiunoni kwenda juu, halafu siku nyingine watashuti miguu ya Kwame muuza nyama ikikanyaga vumbi, kwa sababu vifundo vyao vinafanana. Kwame akaogea jiki siku mbili.

Mazoezi yalikuwa siku tatu. Mimi nilikuwa nawapikia watu wa filamu, kwa hiyo niliona yote, na natamani nisingeona.

"Mzee, mchukie!" Selorm anapiga kelele.

"Nani?" Gyabaah anauliza.

"Mfalme!"

"Kanifanya nini?"

"Hajakufanya kitu. Wewe msaliti. Umelewa shnapsi."

"Mimi sinywi, mwanangu."

"Jifanye umelewa!"

Gyabaah anafikiri. Anakwenda vile vile anavyokwenda kila siku, anapiga goti, anatandika mkeka, anaunyoosha kona, anamvua chifu la kulia, la kushoto, kisha anachukua ncha ya nguo yake na kumpangusa nyayo.

"Kata! Mzee wangu, msaliti hapangusi miguu!"

"Nyayo zina jasho."

Mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara ya kumi na moja Selorm alivua skafu akaitupa chini. "Huyu mzee hajui kuigiza!" alipaza sauti, mji mzima ukisikia. "Hawezi kuigiza hata usingizi! Ukimwambia kitu yeye anakifanya kweli!"

Chifu alicheka mpaka dhahabu ikalia shingoni. "Mwache, kijana. Gyabaah ni kama kiti. Utakiambia kiti kicheke?"

Wote walicheka. Hata Kwame muuza nyama na vifundo vyake vyeupe. Mume wangu alikuwa anakunja mkeka, anaukunja polepole, kona juu ya kona. Mimi nilikuwa nimeshika upawa, na kama si Mungu ungetua kichwani mwa mtu.

Kesho yake Gyabaah alichukua viazi vikuu viwili, akasema anampelekea Mama Malkia. Alikwenda asubuhi, supu yangu ikaiva, ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena, ndipo akarudi.

"Mlikuwa mnalima?" nikamuuliza.

"Tumezungumza habari za viazi."

"Viazi viwili, saa nne nzima?"

"Vilikuwa vikubwa," akasema, akavuta bakuli.

Siku ya kushuti ilikuwa Alhamisi. Alhamisi kwetu ni siku ya Ardhi, hakuna anayelima wala kuchimba, Ardhi inapumzika. Chifu aliichagua mwenyewe ili watu wawepo wajaze uwanja. Asubuhi Gyabaah alioga, akakataa chai, akaniambia, "Njoo na ndala zangu."

Ana jozi moja ya ndala, aliletewa na binti yetu Abena kutoka Takoradi, bado zina kibandiko. Anazivaa chooni tu.

"Za nini? Unakwenda mbele ya chifu."

"Njoo nazo, mama. Simama mbele nikuone."

Uwanja ulijaa. Ni filamu, lakini chifu ni chifu. Alipotokea chini ya mwavuli, dhahabu mpaka viwikoni, kila mtu alitoa miguu kwenye viatu akasimama juu ya udongo, kama tulivyozoea. Wazee wakaketi, Mama Malkia akaketi, msemaji wa chifu akashika fimbo yake. Mholanzi akasoma karatasi yake kwa sauti ya mtu anayesoma dawa ya kuharisha. Chifu akaviringisha macho, akatetemesha mashavu, akanyoosha mkono mbinguni. Alikuwa anafurahi kusalitiwa, sijapata kuona.

"Mzee Gyabaah," Selorm akanong'ona, amekwisha kukata tamaa. "Nenda tu. Fanya vyovyote."

Gyabaah akaenda. Akapiga goti. Akatandika mkeka, akaunyoosha kona. Halafu akautazama. Akautazama kitambo, kisha akaukunja tena, akaubana kwapani.

Nilishika mkono wa mwanamke aliyekuwa pembeni yangu, mpaka leo simjui ni nani.

Alivua la kulia. Mguu wa chifu ukabaki hewani, unapapasa, kama mtu anayeshuka kitandani gizani akitafuta ndala. Akavua la kushoto. Halafu mume wangu, kiti, akainua uso akasema. Hakupiga kelele, lakini uwanja mzima tulimsikia.

"Kofi Nyarko. Umeuza msitu wetu. Umeuza uwanja wa watoto. Umeuza maji tunayokunywa na mashamba ya wanawake walioachiwa na mama zao. Tulikuita mara tatu, mara tatu ukakimbia. Nakuvua makubazi."

"Gyabaah," chifu akanong'ona, uso bado uko kwenye kamera. "Mkeka."

Gyabaah akamshika vifundo vyote viwili.

"Mkeka, wewe! Gyabaah!"

Akaziweka nyayo zake chini, juu ya udongo. Aliziweka taratibu. Hata hapo, jamani, aliziweka taratibu.

Mama Malkia alisimama, miaka themanini yote ikasimama naye. "Tumeona," akasema. Wazee mmoja mmoja wakasema, "Tumeona." Msemaji akailaza fimbo chini.

"Kata!" Selorm akaruka juu. "Safi! Mungu wangu wee, safi! Mzee, umeniua!" Watu wa filamu walipiga makofi, wanapiga miluzi, wanakumbatiana, Mholanzi naye anapiga makofi. Ni wao tu. Sisi wa Mpatamase hatukupiga. Sisi tulifanya jambo moja. Mama mmoja mbele aliinama akavaa viatu vyake. Mwenzake akavaa. Kisha wa nyuma, kisha wazee, uwanja mzima ukawa mlio wa nyayo zinazoingia kwenye kandambili, tap, tap, tap. Nilikwenda na ndala mpaka katikati, mbele ya kamera, nikaziweka chini, na mume wangu akazivaa mchana kweupe, na kibandiko chake.

Kofi Nyarko alikuwa bado ameketi na miguu yake vumbini, anacheka peke yake. "Filamu hii, jamani. Si ni filamu? Selorm, waambie."

"Kofi," Mama Malkia akamwambia, "inuka baba, jua kali."

Kondoo alichinjwa jioni hiyo kuituliza Ardhi. Nyama aliikata Kwame.

Wiki mbili baadaye Nyarko alitupeleka kwa chifu mkuu, na wakili mwenye tai. Wazee wa kule wakauliza. Mavazi yalikuwa ya kigoda kweli? Ndiyo. Wazee walikuwa wazee kweli? Ndiyo, Nana mwenyewe alitaka hivyo. Mama Malkia alikuwepo? Alikuwepo. Makosa yalitajwa? Yalitajwa. Nyayo ziligusa? Wakili akakohoa. "Ziligusa, waheshimiwa, lakini mvuaji alikuwa anaigiza!"

Akaitwa Gyabaah, ndala mkononi.

"Mzee, siku ile ulikuwa unaigiza?"

"Wazee wangu, mimi sijui kuigiza."

Akaitwa Selorm, akaapishwa. Kijana wa watu hakujua anakata tawi la nani, alisema ukweli kwa uchungu kabisa. "Hajui, waheshimiwa. Hajui hata kidogo. Nilipoteza siku tatu na yule mzee. Ukimwambia kitu anakifanya kweli." Walicheka mpaka walinzi. Wakaamua Kofi Nyarko si chifu. Akakata rufaa juu, na katapila likaambiwa lingoje, lisichimbe, lisiondoke, hadi rufaa isikilizwe. Likabaki pale pale chini ya mparachichi, kuku wangu wanatagia kwenye kijiko chake.

Hapa ningemaliza kama dunia ingekuwa na haya.

Filamu ikaonyeshwa Accra. Watu wakalia, wakaandika magazetini. Halafu ikaja barua yenye muhuri. Kwamba Yaw Gyabaah wa Mpatamase, kwa nafasi ya Msaliti, ametunukiwa tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa mwaka. Afike apokee kwa mkono wake.

Nadhani Nyarko alipata nakala kabla yetu, kwa maana tulisikia ngoma nyumbani kwake kabla hatujamaliza kuisoma. Wakili wake alikuja na tai ileile. "Hongera, Mzee! Mwigizaji bora! Imeandikwa, ina muhuri! Nenda kapokee, usiwe na wasiwasi, nauli juu yetu." Mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nyumba ile kumtakia mume wangu mema. Akipokea, rufaa imepata shahidi. Alikuwa anaigiza, nchi nzima imempa zawadi kwa kuigiza, basi chifu arudi, katapila liwashwe.

Selorm naye akaja, mwenyewe, na suti, na viatu vyeusi vya kung'aa namba ya Gyabaah. Niseme ukweli wangu? Niliitaka ile tuzo. Ndiyo, niliitaka! Abena alikwisha kuwaambia Takoradi nzima. Mume wangu katika maisha yake hakuna aliyempigia makofi isipokuwa wale watu wa filamu, na sasa ukumbi mzima wa Accra ulikuwa tayari kusimama kwa ajili yake. Nilikwenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo sikuvihitaji.

"Mzee wangu, nchi imekulilia," Selorm anambembeleza.

"Imelilia uongo juu ya babu yangu."

"Basi hiyo nitairekebisha, nakuapia. Wewe panda jukwaani tu, sema asante, shuka."

"Nikisema asante nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba najua." Akavuta kiti. "Una kalamu? Andika. Mimi Yaw Gyabaah siichukui, kwa sababu sijui kuigiza. Andika kama ulivyosema wewe, hata usingizi."

Selorm akaandika, anapangusa pua. Gyabaah akachovya dole gumba kwenye wino, akalibana kwenye karatasi, akalishikilia pale mpaka nikasema yatosha, utaitoboa. Kisha akamrudishia suti. Viatu pia. Vilikuwa vizuri vile viatu.

Karatasi ile ilisomwa kwenye rufaa. Nyarko alikuwa amesimama pale na barua yake ya muhuri kama mtu aliyekuja harusini siku siyo. Rufaa ikaanguka. Siku tatu baadaye watu wa dhahabu wakaja na lori kuchukua katapila, wakanirudishia mayai saba.

Alasiri ile tulikwenda shambani kutazama. Kulikuwa na alama tu za minyororo kwenye majani, na Asubima unapita, maji unaona mpaka mchanga. Gyabaah aliketi kwenye gogo akatia miguu majini. Tulikuwa wawili tu, nikaona nimuulize.

"Baba Abena. Niambie mimi, sitamwambia mtu. Siku ile uwanjani. Hukuigiza hata kidogo?"

Alisugua kisigino kwa jiwe.

"Siku ile hapana," akasema. "Ile miaka kumi na moja mingine ndiyo niliigiza. Kila asubuhi. Nampangusa miguu, namwita Nana." Akatazama maji. "Nadhani niliigiza vizuri. Hata wewe hukujua."

Mtu huyu nimemsema miaka yote, kila siku ya Mungu, kwa sauti ya jirani kusikia. Nilikuwa nimesimama mbele yake na ndala zangu miguuni. Nikazivua, nikasimama juu ya udongo.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Zinanibana," nikamwambia.